Mtoto wa Kuazima

Kengele yetu ni rimu ya lori la chama cha msingi,
inaning'inia kwenye mkorosho nyuma ya sakristia.
Ikigongwa asubuhi za Desemba
mabibo mawili matatu hudondoka yenyewe,
na darasa la tatu huyagombea kabla ya sala.

Hakuna anayesoma tena. Mitihani nimesahihisha,
ripoti ziko dirishani chini ya jiwe,
na kila alasiri tunafanya igizo
ndani ya kanisa la Nambunda: bati moto, vumbi jekundu
hadi kwenye kope za Malaika Gabrieli.
Malaika ni Bibiana Chilala. Mabawa yake ni mfuko wa salfa
uliofuliwa mara tatu; ukimkaribia bado unapiga chafya.

Melkiori, kwa ajili ya jina lake, tulimpa ufalme.
Akakataa. Anataka kuwa ng'ombe.
"Ng'ombe hasemi kitu, Mwalimu, na anakaa karibu na mtoto."
Ng'ombe mwenyewe kamwona mara moja,
Newala mjini, akishushwa kwenye gari.

Dhahabu ni kopo la biskuti. Ubani upo.
Manemane ni nini? wakaniuliza.
Utomvu wa mti, nikasema, mchungu.
Kesho yake Faustini akaja na korosho mbichi kiganjani,
ganda lingali na yale mafuta yanayobabua,
na vidole vyenye mabaka ya kubangua na bibi yake
msimu huu, na uliopita.
Sikuwa na la kumfundisha zaidi.

Mtoto ndiye tuliyemkosa.
Mwanasesere wa Sista Eufrasia panya wamemla shingo,
na wenye vichanga wako huko ghalani
wanaulizia fedha za mnada wa pili.
Ndipo Somoe wa Mahadhi, akipita kumchukua mkubwa wake chuoni,
akasimama mlangoni na Rajabu mgongoni:
"Haya, mchukueni huyu. Miezi minne, halii ovyo.
Isa bin Mariamu hata mimi namjua."

Siku ya kufunga shule kulikuwa na wingu.
Mwezi mzima tulikuwa tumenunua maji kwa ndoo,
tukinawa uso kwa kikombe, na kikombe hicho hicho
tukinyweshea mche wa Padre.
Mchungaji wa kwanza hajamaliza sentensi yake
mvua ikashuka juu ya bati
kama gunia la korosho lililopasuka.

Wimbo wa malaika ukazama wote. Tuliona midomo tu.
Rajabu akaamka, akalia,
na hicho kilio ndicho pekee kilichosikika.
Petronila akambembeleza, akamgeuza, akanitazama
kwa macho ya mtoto wa miaka kumi
aliyeachiwa mzigo na watu wazima.

Somoe alivua kandambili mlangoni.
Akapita katikati, mbele ya wafalme, mbele ya Padre,
akaketi kwenye nyasi kati ya Yosefu na ng'ombe,
akajitanda kanga, akamnyonyesha.

Hakuna aliyecheka.
Ng'ombe tu ndiye aliyesogea kidogo,
akalikinga kwa mgongo wake tone lililokuwa likivuja.

Nje tangi likajaa, likafurika.
Sista akapaza sauti: maji ya kwanza ni ya kuoshea bati, msiyachote!
Nani amsikie? Wafalme walishakwenda,
mataji yao wameyageuza kata za kubebea ndoo.

Ripoti nikazikumbuka jioni. Zimelowa.
Ya Melkiori, Hesabu, niliandika thelathini na moja;
wino umetambaa, ile tatu imefumba mdomo ikawa nane.
Baba yake akaitazama sana,
kisha akanitazama mimi.
Nilikuwa nimeshika ndoo kwa mikono yote miwili.
Nikamwambia, Noeli njema.